SAUTI YANGU NILIKWENDA KUIDAI KWENYE AROBAINI

Mdomo ulikuwa wangu. Sauti haikuwa yangu.

Nimekaa benchi la tatu, ndani ya banda la video pale Masasi, saa tisa mchana, jua linawaka juu ya bati. Kulia kwangu yuko mama yangu mzazi, amejitanda kitenge chake kipya. Kwenye runinga niko mimi, nalia. Machozi ni yangu. Kovu lile juu ya jicho ni langu, nililipata darasa la tatu nilipoanguka na ndoo ya maji. Nafungua mdomo kusema maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe...

Ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

Laini, ya mjini, imenyooka kama ya mtangazaji wa redio.

Mama akaniinamia.

"Mabel, yule si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa nani anaongea?"

Jamaa mmoja benchi la nyuma alishatusikia, akasema kwa nguvu kwamba kumbe huyu dada wa Newala ni bubu, wamemkodia mdomo. Banda zima likaangua kicheko. Wengine waligeuka kuniangalia usoni ili wahakikishe.

Nikajikaza. Nikasema moyoni, tulia Mabel, subiri majina ya mwisho.

Mama alikuwa amepanda basi kutoka kijijini kwetu Chilangala kwa ajili ya hayo majina. Kusoma alijifunzia ukubwani, darasa la jioni, na siku ile alikuwa na kazi moja tu, kuitafuta herufi M. Majina yakaanza kupanda. Ikatokea M, akanishika goti. Ilikuwa M ya Mtunzi. Mbele yake pameandikwa Salmini Lukmani. Ikatokea nyingine, akanishika tena. Mwongozaji, Salmini Lukmani. Ikaja ya tatu, Mhusika Mkuu, na mbele yake jina la mtu nisiyemjua, Shamila.

Mwenye jenereta aliandikwa. Mwenye mbuzi wa onyesho la harusi aliandikwa. Mimi sikuandikwa popote.

Mama alitoa mkono wake kwenye goti langu, akaanza kutafuta kandambili zake gizani.

Sasa ndugu msomaji, kaa vizuri. Nitakurudisha nyuma kidogo, halafu nikuonyeshe nilivyomlipa. Maana nilimlipa... tena mbele ya watu, mchana kweupe. Kama unatafuta kisa cha msamaha, ukurasa huu si wako.

Naitwa Mabel. Usinicheke, kwetu Newala majina haya waliyaacha wamisionari wa Kianglikana, na bibi yangu aliitwa Ethel wala hakuwahi kumwona Mzungu kwa karibu. Bibi Ethel ndiye aliyenifundisha kuigiza. Hakunifundishia jukwaani, alinifundishia misibani.

Kwetu kila ukoo una watani wake. Ukoo wetu na ukoo wa kina Mzee Lukmani ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaokwenda kuwachekesha. Mmoja wetu anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anagombana na mjane kuhusu mboga. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika anatozwa kuku hapo hapo, na aibu inamfuata mpaka uzeeni. Mtani naye haondoki mpaka apewe anachokitaka.

Shika hapo. Utaihitaji hiyo sheria huko mbele.

Bibi alikuwa bingwa. Walikuwa wanamfuata kutoka Tandahimba. Mimi nikiwa na miaka kumi nilikuwa nakaa pembeni yake namtazama, na usiku ananiuliza nimeona nini. Siku moja nilimwiga marehemu mmoja alivyokuwa anaongea, akatikisa kichwa. Akaniambia mtu haigwi mdomo, mtu anaigwa anavyonyamaza. Nimesoma vitabu vya uigizaji baadaye, sijakuta somo linalolishinda hilo.

Sasa ni mwaka 2002. Soko huria limetupata. Wanunuzi binafsi wa korosho wanapanda na malori yao, na malori hayo hayaji matupu. Yanashusha redio, baiskeli, runinga, deki za video. Kila kijiji chenye jenereta kina banda. Watu walikuwa wanakodolea macho filamu za watu wengine, na mimi nilikuwa na daftari la jalada jekundu lenye hadithi yetu.

Niliiita Mtungi wa Tatu. Bibi harusi anaambiwa na mama mkwe kila siku ateremke bondeni alete mitungi mitatu ya maji. Mmoja wa nyumbani, mmoja wa mama mkwe. Wa tatu anauacha chini ya mkorosho njiani, wala haambiwi ni wa nani. Miaka minne baadaye anagundua kwamba alikuwa anamchotea maji mke mdogo wa mumewe.

Sikuitunga kutoka hewani. Mama yangu ndiye aliyeubeba huo mtungi. Kwenye uwanda wetu huu usio na maji, shingo yake haijanyooka mpaka leo.

Salmini, mtoto wa Mzee Lukmani, alikuwa amerudi kutoka Dar na kamera ya kupigia harusi. Aliniona kwenye harusi moja nikichekesha watu, akanifuata. Nikampa daftari asome. Alilisoma usiku kucha, asubuhi akaniambia tutengeneze filamu.

Tulipiga picha wiki sita, kabla msimu wa korosho haujaanza. Nilicheza mimi. Niliwafundisha wengine maneno mimi. Nguo nilishona mimi. Betri ya gari iliyokuwa inaendesha taa niliibeba kichwani kwenda kuichaji Newala mjini na kurudi. Salmini alishika kamera, na sitamnyima haki yake, alijua kushika kamera.

Nyumba tuliyotumia ilikuwa ya baba yake. Mzee Lukmani alikaa kwenye kiti chake cha uvivu, redio sikioni, betri zake nyingine kazianika juani juu ya ungo ili zipate nguvu. Kila kabla ya kusema lazima akohoe mara mbili. Nikimaliza kuigiza ananiachia kiti chake nikae niandike. Siku moja aliniambia, "Mtani, mimi nikifa usije wewe, watume wenzako. Wewe utaniiga mpaka niamke."

Tulicheka sote wawili.

Salmini akaenda Dar kuhariri. Akachukua kanda zote, akachukua na daftari. Alisema miezi mitatu. Ikapita minane, kimya, mpaka siku niliposikia filamu yetu inaonyeshwa Masasi, nikamchukua mama.

Umeshaona kilichotokea.

Wiki ile ile Salmini alikuja Masasi kugawa kanda kwenye mabanda, kafikia gesti yenye feni. Nilimkuta uani anafuta gari kwa kitambaa. Hakushtuka hata kidogo.

"Lafudhi yako, Mabel," akasema. "Wasambazaji walisema watu watacheka. Mtu analia, halafu anaongea Kimakonde puani. Nikatafuta sauti nzuri."

"Na jina langu?"

"Kwani kuna karatasi tuliandikishana?"

"Daftari langu liko wapi?"

"Daftari gani?"

Akatabasamu. Akaongeza taratibu, bila hasira, kwamba niende popote ninapotaka nikashtaki, maana Newala nzima hakuna atakayemwamini bubu.

Kumbe hata jina hilo lilishamfikia.

Niliokota jiwe, ndugu zangu. Liko mkononi, kioo cha mbele cha gari kile pale. Nikalirudisha chini. Si kwa wema, wala si kwa kuogopa polisi. Kioo kinabadilishwa kwa siku moja, na mimi nilikuwa nataka kuharibu kitu kisichouzwa dukani.

Mwaka mzima niliitwa Bubu. Kwenye foleni ya maji, Bubu sogea. Sokoni, mpimieni Bubu. Mama ndiye alinitia uchungu zaidi, maana alikuwa amewatangazia wanawake wote wa jumuiya ya kanisani kwamba mwanaye atatokea na jina. Hakuwahi kunilaumu. Aliacha tu kuitaja filamu, na kitenge kile akakikunja akakiweka chini kabisa ya sanduku. Mimi niliacha kuandika. Kila nikishika kalamu nasikia ile sauti laini inasoma badala yangu.

Chuki niliilea. Niliilisha, nikaiogesha, nikailaza.

Halafu Mzee Lukmani akafariki.

Nililia, na nililia kweli. Mazishi yalikuwa ya haraka, kama wenzetu Waislamu wanavyofanya, na utani wa siku ile aliufanya mjomba wangu Gasper, mkubwa wa ukoo wetu. Salmini alifika kutoka Dar watu wameshatoka makaburini na kunawa mikono. Ili kufuta aibu hiyo akatangaza arobaini ambayo Newala haijaiona. Maturubai, spika, mchele wa gunia kwa gunia. Tena analeta mpiga picha kutoka Dar arekodi shughuli yote mwanzo mpaka mwisho, na mkewe mpya tumwone.

Mjomba Gasper mguu ulikuwa umevimba. Nikamfuata kwake nikamwambia nitakwenda mimi kumvaa marehemu.

Akaniuliza kwanza.

"Unakwenda kwa ajili ya marehemu, au kwa ajili ya mwanaye?"

"Kwa ajili ya marehemu, mjomba."

"Utani si panga la kulipizia, Mabel. Ukiubeba hivyo nitajua."

Nilimdanganya mjomba wangu mchana, macho makavu.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Dua ilisomwa asubuhi, watu wakala, kwenye saa sita ikawa zamu ya watani. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasubiri nguo, ndipo nikamsikia Salmini akimpa maelekezo mpiga picha wake, kijana wa watu aliyeitwa Swalehe. Alimwambia asiikose sura yake hata dakika moja. Tena akasisitiza, "Nitalia, Swalehe. Nitakwambia uzime. Usizime! Hata nikipiga kelele, wewe endelea, ndiyo picha ninayoitaka."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mjane, Mama Salmini, ndiye aliyeniletea nguo kwa mikono yake, kama desturi inavyotaka. Koti jeusi, kofia, mkongojo, redio. Akanifunga kifungo cha koti mwenyewe. Akasema Mzee angefurahi kuona ni mimi. Hapo roho iliniuma, sitawaficha. Iliniuma, lakini nikaenda.

Nilitoka na mlango wa mbele. Taratibu. Goti la kushoto limekaza, redio sikioni. Sikusema neno. Nikasimama katikati ya uwanja, nikaangalia jua, nikaangalia ungo mtupu uliokuwa umeegemezwa ukutani. Nikakohoa mara mbili.

Wanawake walianza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Betri zangu," nikasema kwa sauti ya Mzee. "Nimeziacha juani siku arobaini. Nani kazianua?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mzee Awadhi, mdogo wa marehemu na msemaji wa ukoo wao, alicheka mpaka akashika mgongo. Nikamfuata nikamdai jembe langu aliloazima mwaka juzi. Nikamgombeza mjane kwa kunipikia kisamvu bila karanga. Nikaomba kiti changu, nikakaa, nikasinzia kidogo redio ikiwa kifuani, kama alivyokuwa akisinzia. Kwa dakika zile Mzee Lukmani alikuwa pale, naapa, na mimi nilikuwa na furaha ya kumwona.

Kisha nikafungua macho nikamtazama Salmini.

Kavaa suti na miwani myeusi, kakaa mstari wa mbele.

"Huyu mgeni ni nani?"

Watu wakajibu kwa pamoja kwamba ni mwanangu Salmini.

Nikasimama, nikamsogelea na mkongojo. Nikakohoa mara mbili.

"Mwanangu, kule niliko wameniuliza swali likanishinda. Wameniambia, Lukmani, ua wako tumeuona kwenye runinga. Kuna binti alikuwa akikaa kwenye kiti chako anaandika kwenye daftari jekundu. Halafu anasimama, anaigiza. Yule ni nani, mbona jina lake hatukuliona?"

Kicheko kilipungua. Wengine walikuwa wameshaanza kunielewa.

Salmini akacheka kwa meno ya mbele tu. Akatoa noti mfukoni, ndivyo mtani anavyonyamazishwa. Nikaiangalia noti, nikaiweka redio sikioni, nikatikisa kichwa.

"Mabel, acha," akaninong'oneza.

"Mabel nani? Mimi baba yako."

Akamwangalia baba yake mdogo amwokoe. Mzee Awadhi akasema kwa upole kwamba mfiwa hakasiriki, ampe mtani anachokitaka mambo yaendelee.

Mimi nilikuwa nimepanga kuishia pale pale, kumdai daftari langu. Hayo ndiyo yalikuwa makubwa niliyoyafikiria mwaka mzima. Sikujua kuna kubwa zaidi limekaa kwenye mkeka wa wanawake.

"Samahani..."

Ile sauti! Laini, ya mjini, imenyooka. Nilikuwa nimeisikia kila siku kwa mwaka mzima kichwani mwangu, na sasa inatoka nyuma yangu.

Mke wa Salmini alikuwa amesimama, kajifunika ushungi mweupe, kaninyooshea kidole usoni.

"Huyu dada si ndiye aliyecheza Mtungi wa Tatu? Lile kovu nalijua. Niliitazama sura hiyo wiki mbili studio."

Salmini akamwambia, "Shamila, kaa chini."

Hakukaa. Akamgeukia mumewe, na hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa kabisa.

"Si uliniambia alikufa? Uliniambia alikufa kwa malaria kabla hamjamaliza kurekodi sauti, ndiyo maana nikaingiza yangu. Nililia studio, Salmini. Nilimsomea dua."

Watu mia tatu waligeuka kumtazama Salmini.

Kwenye majiko ya nyuma kitu kikaanguka. Ulikuwa upawa. Mama yangu, aliyekuja kusaidia kupika kama majirani wengine, alitokea huku mikono imelowa maji.

"Nani kafa?" akauliza. "Mwanangu mimi kafa lini?"

Wewe uliyekulia mjini labda huelewi. Kwetu kumtangaza mtu mzima na afya yake kuwa amekufa ni uchuro, ni kumchimbia kaburi. Wazee walianza kutema mate chini. Mjane alijifunika uso.

Na mimi nimesimama katikati, nimevaa koti la maiti.

Nilikumbuka somo la bibi. Nikanyamaza. Nikanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa wenyewe, mpaka Salmini akavua miwani. Ndipo nikavua kofia ya Mzee, nikaishika mkononi kwa heshima, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, Kimakonde chote ndani, hata sikukipunguza.

"Basi marehemu tuko wawili."

Hakuna aliyecheka.

"Mzee ameshasomewa dua yake leo. Na mimi kumbe nilishasomewa. Sasa nadai changu, sitoki hapa."

Nikakaa chini miguuni pake, kama watani wanavyokaa kwenye kaburi kuzuia udongo usishushwe. Nikamwambia sitaki noti, sitaki kuku, sitaki kitenge. Nataka ashike kipaza sauti aseme nani alitunga, nani alicheza, na sauti ya nani aliifuta.

Hapo uzalendo ukamshinda.

"Swalehe, zima!" akafoka. "Zima hiyo kamera!"

Swalehe hakutoa jicho kwenye kamera.

"Bosi, si ulisema hata ukipiga kelele nisizime?"

Mzee Awadhi akainua kidole. Alikuwa haongei kwa upole tena.

"Mfiwa amekasirika. Kuku."

"Kuku!" uwanja ukaitika. "Kuku!"

Akaletewa kipaza sauti. Alimwangalia mama yake, mama yake akaangalia pembeni. Akamwangalia Shamila, Shamila alikuwa amevua miwani yake ya dhahabu anafuta macho. Hakubaki na mtu. Akasema huku anatazama viatu vyake.

"Mtungi wa Tatu ametunga Mabel. Kacheza yeye. Sauti yake niliifuta mimi. Na... hakufa."

Mama yangu alikuwa amefika mbele kabisa.

"Rudia jina," akasema.

"Mabel."

"Halijasikika huku nyuma."

"Mabel!"

Mama akaitika kwa kichwa, akarudi jikoni kwenye ubwabwa wake. Mimi nikavua koti la Mzee, nikalikunja vizuri, nikamrudishia mjane na kofia juu. Alilipokea bila kuniangalia. Hilo nalibeba mpaka leo, na nastahili kulibeba.

Sasa sikia yaliyofuata. Swalehe alikuwa hajalipwa nauli ya kurudi, kwa hiyo na yeye hakumpa Salmini kanda. Sijui aliinakili mara ngapi. Ninachojua ni kwamba ndani ya mwezi mmoja, mabanda ya Masasi, Newala na Tandahimba yalikuwa yanaonyesha arobaini ya watu. Wenyewe waliipa jina, Marehemu Wawili. Ilijaza kuliko Mtungi wa Tatu ilivyowahi kujaza. Salmini aliigharimia mwenyewe, mchele wake, maturubai yake, mpiga picha wake. Filamu iliyommaliza aliitengeneza kwa jasho lake, na mhusika mkuu nilikuwa mimi, kwa sauti yangu.

Wenye harusi wakaacha kumwita. Nani atamwalika mtu anayeua watu kwa mdomo? Mara ya mwisho nilisikia yuko mbali huko anauza vocha.

Shamila alikuja Chilangala peke yake, na basi. Alilala kwetu siku mbili. Aliniletea daftari langu jekundu, alilikuta chini ya godoro, na Salmini alikuwa amekata ukurasa wa kwanza wenye jina langu kwa wembe. Akaniomba radhi kwa sauti ile ile niliyoichukia mwaka mzima. Nilishindwa kuichukia tena akiwa amekaa jikoni kwetu anachambua kisamvu. Yeye nilimsamehe, yeye peke yake.

Mjomba Gasper hakusahau. Aliniita mbele ya ukoo mzima akaniuliza swali moja, nilikwenda kwa ajili ya nani. Sikumdanganya mara ya pili. Nikasema Salmini. Akanitoza kuku wawili, kwa kuutia utani wa mababu sumu yangu. Niliwapeleka mwenyewe, majogoo wakubwa, na ningempelekea hata kumi.

Najuta? Kwa Mzee Lukmani na mjane wake, ndiyo. Kila mwaka, siku ya arobaini yake, nakwenda kaburini kumwomba radhi, nabeba na betri mbili. Kwa Salmini sijuti hata nusu.

Nimetengeneza filamu nne tangu siku ile, Swalehe akiwa nyuma ya kamera. Ya kwanza ilikuwa Mtungi wa Tatu, upya kabisa, ua mwingine, na maneno yote nayasema mimi na lafudhi yangu ya kwetu. Tulipoionyesha Masasi nilimkalisha mama benchi la tatu, kitenge chake kakitoa sandukuni. Majina yalipoanza kupanda alinishika goti kwa M ya Mtunzi. Halafu ikaja M nyingine mbele yake, akaisoma kwa sauti, herufi moja moja mpaka mwisho, banda zima likimsikiliza.

Sasa wewe unayesoma hapa ukiwa na kazi ya mtu kwenye simu yako, unafikiria kufuta jina lake uweke lako kwa sababu yeye ni mtu wa kijijini tu, hana wakili, hana karatasi. Fanya utakavyo. Ila kabla hujafuta, uliza kwanza ukoo wake unataniana na nani.